Chupa ya Margaux na Deni la Jina

Wasikilizaji wapenzi, wiki hii nawaomba radhi mapema, kwani nitazungumzia mvinyo. Najua wapo kati yenu ambao dini yao imewakataza, na wapo walioacha kwa hiari yao baada ya kuona pombe ilivyowafanyia jirani zao. Sina nia ya kumshawishi mtu anywe. Ninachotaka kuzungumzia hasa ni jina: jinsi linavyopatikana, jinsi linavyoweza kuoza ndani huku watu wakiendelea kulitamka kwa heshima, na gharama ya kulirudisha.

Jina lenyewe ni Château Margaux. Ni shamba la zabibu lililoko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika eneo la Médoc, yapata kilometa 30 kutoka mji wa Bordeaux, jirani na mto Gironde. Nilifika huko asubuhi moja pamoja na mzee wa Kifaransa aliyekuwa mwenyeji wangu. Unaingia kwa njia ndefu iliyopandwa miti pande zote mbili, na mwisho wake imesimama nyumba kubwa yenye nguzo kama za hekalu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Macho yote huenda kwenye nyumba hiyo. Mimi, mtoto wa mkulima, nilitazama chini.

Nilitazamia kuona udongo mweusi wenye rutuba. Niliona changarawe! Mkulima wa mahindi angeonyeshwa shamba lile angemwonea huruma mwenye nalo. Lakini mzee alinieleza kwamba siri imo humo humo. Changarawe haihifadhi maji ya mvua juu; maji hutitirika chini, nao mzabibu hulazimika kuyafuata kwa mizizi mirefu. Mawe hayo pia hunyonya joto la jua mchana na kulitoa usiku. Mzabibu uliotaabika hivyo hauzai sana, lakini matunda yake huwa na nguvu.

Zabibu zilizo nyingi shambani hapo ni za aina ya Cabernet Sauvignon, zenye ganda nene. Huchumwa kwa mkono, mara moja tu kwa mwaka. Wenzetu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Huko mkulima akiharibikiwa mwezi wa Septemba, husubiri mpaka Septemba nyingine. Baada ya hapo mvinyo hulazwa katika mapipa ya mwaloni, kila moja lita 225, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Shamba lina fundi wake wa mapipa. Na mnajua husafishwa kwa nini? Kwa ute wa mayai! Ute huo hutiwa pipani, ukashuka polepole na kubeba uchafu mpaka chini.

Nikauliza kama naweza kununua chupa moja ya kuwaonyesha watu nyumbani. Nikaambiwa hapo hapauzwi kitu. Mvinyo wao huuzwa kwa wafanyabiashara wa Bordeaux, na sehemu kubwa hununuliwa ungali pipani, kabla haujatiwa kwenye chupa. Yaani watu hulipa mamia ya euro kwa chupa moja ambayo bado haipo. Hulipia nini? Hulipia jina.

Jina hilo lilitiwa muhuri mwaka 1855. Mfalme Napoleon III alitaka mvinyo bora wa nchi yake uonekane katika maonyesho ya Paris, na madalali wa Bordeaux wakaupanga kwa madaraja matano, wakifuata bei zilizokuwa zikilipwa kwa miaka mingi. Daraja la kwanza yaliingia mashamba manne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Tangu wakati huo ni moja tu lililoongezwa hapo juu, nalo ni Mouton, mwaka 1973.

Sifa za Margaux zilifika hata pasipotazamiwa. Mwaka 1868 Friedrich Engels, yule rafiki wa Karl Marx, alijibu maswali ya mchezo aliyoulizwa na Jenny, binti wa Marx. Swali mojawapo lilikuwa: furaha ni nini? Engels hakutaja mapinduzi. Alitaja Château Margaux ya mwaka 1848. Wale waliosoma siasa za ujamaa watakumbuka kwamba 1848 ndio mwaka wa ile Ilani ya Kikomunisti, na sijui Bwana Engels alikuwa akikumbuka ilani au chupa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mvinyo wa Margaux ulikuwa umeteremka. Waonjaji wenye uzoefu walisema wazi kwamba haulingani na cheo chake. Kisha soko la Bordeaux likaanguka, bei ya mafuta ikapanda duniani, na familia iliyokuwa ikimiliki shamba ikaelemewa, ikatafuta mnunuzi. Serikali ya Ufaransa ilikataa lisiuzwe kwa kampuni ya Kimarekani. Katika miaka hiyo yote, je, cheo cha 1855 kiliondolewa kwenye karatasi? La hasha. Daraja lilikuwa la kwanza vile vile, ila kilichokuwa chupani hakikuwa cha kwanza tena.

Mwaka 1977 shamba lilinunuliwa na André Mentzelopoulos, Mgiriki aliyetajirika kwa biashara ya nafaka na maduka ya vyakula. Wenyeji wengine walimtazama kama mgeni asiyejua kitu. Yeye alichimba mifereji ya kutoa maji, akapanda mizabibu mipya, akanunua mapipa mapya na kumwita Émile Peynaud, bingwa wa elimu ya mvinyo, awe mshauri wake. Kisha ukafufuliwa utaratibu wa kuchagua: mvinyo wa mapipa yasiyofikia kipimo hautiwi katika chupa ya jina kubwa, bali unauzwa kwa bei ya chini kwa jina la Pavillon Rouge. Siku hizi chini ya nusu ya mavuno ndiyo hupata kuitwa Château Margaux. Fikirini, mtu ana mali ambayo angeweza kuiuza kwa bei kubwa, wala mnunuzi asingejua, naye anaikataa mwenyewe kabla hajakataliwa!

Mvinyo wa 1978 ulisifiwa mara moja. Lakini mzee Mentzelopoulos hakukaa kula matunda ya kazi yake. Alifariki Desemba 1980. Binti yake Corinne, mwenye umri wa miaka 27, alishika usukani, na watu waliodhani angeuza wakaona ameendelea.

Jioni ya siku ile mwenyeji wangu alinikaribisha kwake. Alikuwa na chupa moja ya Margaux ya 1996, aliyoinunua kwa sababu ndio mwaka aliozaliwa binti yake. Alimimina taratibu ili mashapo yabaki chini. Mbele yangu aliweka bilauri mbili, na chupa zote mbili akazifunga kitambaa. Moja ilikuwa Margaux, nyingine ya kawaida tu ya dukani. Akaniambia, "Usinipe adabu za mgeni, nataka ulimi wako."

Nilifanya kama alivyonifundisha: kuinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe kutazama rangi, kuizungusha kidogo, kunusa, kisha kuchukua funda dogo na kulitembeza mdomoni kabla ya kumeza. Ya kwanza ilikuwa laini, ina utamu, inapendeza. Ya pili ilinikaza ulimi kwa ukakasi kama wa zambarau, wala haikuwa na harufu ya maana. Niliona aibu, lakini nilisema kweli: naipenda ya kwanza. Mzee hakucheka. Alisema, "Vema. Tule kwanza."

Tulikula nyama na kuzungumza habari za watoto wetu. Saa moja ilipopita akaniambia nirudie. Ile ya kwanza ilikuwa imechoka, imebaki utamu wa juu juu. Ile ya pili nilidhani imebadilishwa. Ilitoa harufu ya maua, kisha ya zambarau zilizoiva, kisha ya kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi, na nikarudi darasa la tatu. Ukakasi ulikuwa bado upo, lakini umelainika, na ladha ilikaa mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Nilipofunua kitambaa, hiyo ya pili ndiyo ilikuwa Margaux.

Wasikilizaji wapenzi, sisi tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini Margaux imenifundisha kwamba hata kibaya chaweza kujiuza kwa muda, kikivaa jina la kizuri kilichotangulia. Anayetia kokoto katika gunia la korosho ili uzito uzidi anakula akiba ya jina aliloliweka baba yake, na mnunuzi atalijua hilo msimu unaofuata. Jina ni deni. Baba akililipa mwaka huu, mtoto atadaiwa mwaka ujao, na halina siku ya kumalizika.

Mzee alinizawadia kizibo cha chupa ile, kimepigwa chapa ya jina na mwaka. Ninacho mezani pangu. Kila nikitaka kupeleka redioni mazungumzo ambayo sikuyafanyia kazi ya kutosha, nikijua mtayasikiliza kwa sababu tu mmenizoea, kizibo hicho hunitazama.

Hadi wiki ijayo, nawatakia jioni njema.