Zikipita Ndege, Wazee Wetu Husikia Nini?



Mkaazi wa Dar es Salaam hana haja ya kutazama kalenda ili ajue kwamba sikukuu ya taifa imekaribia. Vitambaa vya rangi ya bendera hufungwa kwenye nguzo, mashimo ya barabarani yaliyokuwapo mwaka mzima hufukiwa kwa siku moja, na siku mbili tatu kabla ya tarehe yenyewe ndege za kivita za Jeshi letu la Wananchi huja kufanya mazoezi juu ya vichwa vyetu. Huja kwa chini, zikitokea upande wa baharini, zikapita juu ya Feri na Kariakoo kuelekea Uwanja wa Uhuru kule Temeke. Watoto hupiga makelele ya furaha. Machinga huacha bidhaa zao wakakinga macho kwa viganja. Makonda wa daladala hunyamaza, na hilo peke yake ni muujiza.

Mimi sina ugomvi na ndege hizo. Ni zetu, vijana wanaoziendesha ni wetu, na nchi inayoonyesha kwamba anga lake lina mwenyewe haifanyi kosa. Ninayetaka kumzungumza leo ni mtu mmoja ambaye katika umati ule wa watazamaji hatazami juu.

Mtu huyo utamkuta Feri. Yeyote anayefika pale alfajiri kufuata samaki anaijua ile hali: mnadi anapaza sauti, mabeseni yanapita juu ya vichwa, pantoni inapiga honi kutoka ng'ambo ya Kigamboni, na kwenye meza za zege wamepangana wapara samaki, kila mmoja na kisu chake. Wengi ni vijana. Lakini wapo na watu wazima wenye mvi, na baadhi yao, ukihesabu miaka, mwaka 1978 walikuwa na umri wa kubeba bunduki.

Asubuhi moja nilikuwa mbele ya meza ya mzee wa namna hiyo, nasubiri changu wangu wapate kuparwa, ndege mbili zikapita. Ndege inayokwenda kasi kwa chini haikupi taarifa. Unaiona kwanza, au huioni kabisa, na mvumo unafika wakati yenyewe imekwisha pita. Watu wote pale tuliinua nyuso. Nilipoishusha yangu, mzee hakuwapo. Alikuwa chini ya meza, amelala kifudifudi kwenye maji ya samaki, mikono juu ya kisogo. Kisu alikuwa amekitupa mbali, jambo ambalo nilikuja kulielewa baadaye: mtu aliyefundishwa kulala chini kwa haraka hufundishwa pia asijichome.

Vijana wakacheka. Mmoja akasema mzee kapandisha mashetani yake. Yeye akainuka taratibu, akajifuta, akaokota kisu na kuendelea na samaki wangu pale pale alipoachia. Nikamwamkia upya, "Shikamoo mzee." Akanijibu, "Marahaba mwanangu," bila ya kuniangalia. Nilirudi siku nyingine, na nyingine tena, kabla hajaniambia kwamba alikuwa mgambo, na kwamba alitembea kwa miguu kutoka Kyaka hadi Kampala.

Tukumbushane, maana wasikilizaji wetu wengi hawakuwa wamezaliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 likapanuliwa kwa miezi michache likapita 100,000, kwa kuchukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na hata askari magereza. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kwenda vitani. Masaka na Mbarara zikatekwa Februari 1979, Entebbe mwanzoni mwa Aprili, na Kampala tarehe 11 Aprili.

Sisi tuliobaki mjini vita ile tunaikumbuka kwa tumbo. Tunakumbuka foleni za sukari na sabuni, na Mwalimu akituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo ilikuja kuwa mirefu kuliko miezi mingine yote ya kalenda. Wao waliokwenda wanaikumbuka kwa masikio.

Na katika vita ile anga lilisema sana. Hata kabla ya uvamizi wenyewe, ndege za Amin aina ya MiG zilikuwa zimekwisha udondoshea mabomu mji wa Bukoba, watu wakauhama wakaingia migombani. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyoletwa kumsaidia Amin, iliulenga mji wa Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, na waliokufa ni swala. Watu hulisimulia jambo hilo kwa kicheko. Lakini mwanajeshi wa miguu aliyeko barabarani katikati ya vinamasi vya Lukaya hana cha kucheka. Mwenye bunduki aliye mbele yako unaweza kumjibu. Ndege inayopita juu yako huna la kuifanya isipokuwa kulala na kuhesabu. Mzee wangu aliniambia walikuwa wakihesabu, ila hakuniambia walikuwa wakihesabu nini.

Wala si mvumo wa adui peke yake. Sisi wa Dar es Salaam tukisikia Saba Saba tunafikiria maonyesho ya biashara, mishikaki na watoto kupotea. Kwa askari wa Amin, Saba Saba lilikuwa jina la mizinga yetu ya makombora, ile inayobebwa juu ya lori na kutema makombora 40 katika sekunde 20 hivi. Ndiyo iliyowakimbiza. Waliosimama karibu na lori hilo likitema nao wana masikio, na ushindi haumwondolei mtu kelele alizozisikia.

Kuna jambo jingine la vita ile ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo linalonifanya nizungumze leo. Mwanzoni mwa Novemba 1978 ndege zetu wenyewe zilitunguliwa na wapiga mizinga wetu wenyewe upande wa Musoma. Hawakuwa wajinga wala waasi. Walikuwa wamewekwa pale kulinda anga, wakasikia ndege, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba zinazokuja ni za nyumbani. Basi. Ikiwa askari aliye kazini, mwenye afisa wake karibu, anaweza kuitungua ndege ya ndugu yake kwa kukosa taarifa tu, tumtegemee vipi mzee mwenye kisu cha samaki, miaka mingi baadaye, atambue kwa nusu sekunde kwamba huu ni mvumo wa sherehe?

Waganga wa akili wanatueleza kwamba jambo hili halina uhusiano na woga. Mtu aliyeponea chupuchupu mara nyingi, mwili wake hujifunza sauti ya hatari, na siku sauti ile ikirudi mwili hautangoji shauri la kichwa. Moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda, miguu inakwisha kwenda, ndipo fikira inafika na kukuta mambo yameshatendeka. Jicho unaweza kulifumba. Sikio halina kope.

Wenzetu wa Ulaya walichukua muda mrefu kulikubali hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Kiingereza waliotetemeka kwa mizinga ya Ufaransa waliambiwa ni waoga, na zaidi ya 300 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kutoroka, kwa uoga na makosa ya jinsi hiyo. Serikali yao ikaja kuwasamehe mwaka 2006, wakati hata wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Marekani nayo ilingoja hadi ilipotoka Vietnam. Mwaka 1980 ndipo madaktari wake wa akili walipoyaandika maradhi hayo katika kitabu chao cha magonjwa. Angalieni mwaka huo: ni mwaka mmoja tu baada ya vita vyetu kwisha. Mgambo wetu walikuwa ndiyo kwanza wanarudishwa makwao kuendelea na jembe na nyavu. Tuliwapokea kwa ngoma, na walistahili ngoma. Lakini siku hizo hakuna aliyeulizwa kama usiku analala.

Sisi Waswahili neno tunalo, tunasema kiwewe. Tatizo ni kwamba tunalitumia kwa mtu aliyegongwa na baiskeli na kwa mtu aliyetoka vitani vile vile. Akizidi tunasema ana mashetani, tunamtafutia mganga na kuku mweupe. Wake za wazee hawa ndio wanaoijua habari yote, maana wao ndio wanaoamshwa saa nane za usiku kwa kukabwa koo na mtu ambaye asubuhi hakumbuki kitu. Wanafunika, kwa sababu mambo ya chumbani hayatolewi nje.

Mtu asidhani kwamba nawasema watu wachache waliobakia. Kwanza, jeshi letu halikuacha kwenda. Tangu 2013 vijana wetu wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo, mahali ambapo helikopta za kivita zilipiga kweli, na Desemba 7, 2017 zaidi ya 10 kati yao waliuawa katika usiku mmoja kule Semuliki. Waliorudi hai ni vijana, wengine wako katika daladala pamoja nasi. Pili, raia nao wamo. Muulize mtu wa Mbagala juu ya Aprili 29, 2009, ghala la silaha lilipolipuka. Muulize wa Gongo la Mboto juu ya usiku wa Februari 16, 2011. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na watoto walikimbia wakapotezana na wazazi wao. Wapo akina mama huko ambao hadi leo ngurumo ya radi ikipiga hushika mtoto kwanza, wakaangalia dirisha baadaye.

Na mji wetu wenyewe, ukiusikiliza, umejengwa juu ya kelele hizi. Ni mbele ya bandari hii hii, Agosti 8, 1914, manowari ya Kiingereza ilipoupiga mji mizinga ili kuuvunja mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwaka uliofuata Waingereza wakaleta ndege kisiwani Mafia, zikaruka juu ya delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Kijerumani iliyojificha mle, zikaonyesha pa kupiga, ikaangamizwa Julai 11, 1915. Wavuvi wa Rufiji na Mafia walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi hii kusikia ndege ya vita. Kariakoo nayo, mnakonunua vitenge na simu, jina lake ni la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, watu waliobeba mizigo ya vita vile kichwani na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Pale Mtaa wa Samora imesimama sanamu ya askari tangu 1927, singe yake imeelekezwa bandarini. Watu huitumia kupeana miadi: tukutane pale sanamuni. Wapagazi hawakuacha mtu wa kuandika waliota ndoto gani.

Hawa wa Kagera bado wapo, wanaweza kuulizwa. Waliokufa tunawakumbuka Julai 25, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na wengi wao wamelala Kaboya, Muleba, katika makaburi yanayotunzwa vizuri. Ni haki yao. Aliye hai na anapara samaki haombi mnara. Nilipomuuliza mzee wangu angependa afanyiwe nini, alifikiri sana, kisha akasema angependa ajue siku.

Ajue siku tu. Sherehe hazifanywi kila mwaka kwa namna moja. Mwaka 2015 zile za Desemba 9 zilifutwa tukaambiwa tushike mafagio. Kwa hiyo hata anayetaka kukisia hawezi. Lakini wanaopanga mazoezi ya ndege wanayo ratiba, na saa zimeandikwa. Nawaomba waisome redioni siku moja kabla, na asubuhi yenyewe wairudie, na pia mizinga 21 ikiwa itapigwa. Wenye redio za mjini hawatashindwa kutoa nusu dakika kati ya nyimbo mbili. Nanyi vijana wa mezani Feri, mtakaposikia tangazo hilo, mmoja wenu amwambie mzee, kisha asimame karibu naye zinapopita.

Ila tangazo lisingoje taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi. Mnada wa Feri huanza mapema kuliko hapo, na saa mbili wapara samaki wana mikono yenye magamba, redio imezimwa. Lisomwe saa kumi na moja alfajiri.