Tufaha kwa Mtoto Mdogo

Leo tuzungumzie tufaha. Mtufaha hupenda baridi, na mengi ya sokoni kwetu hutoka Afrika Kusini, ndiyo sababu bei iko juu. Usijinyime unga ili ulinunue. Pera la shambani lina vitamini C nyingi kulishinda.

Lakini ukilipata, angalia unavyompa mtoto. Mtoto wa miezi 8 ana vijino vya mbele tu, magego ya kusaga hana. Akimega kipande kigumu, huteleza kooni kizima kizima. Niliwahi kuletewa mmoja kliniki, midomo imekuwa ya buluu. Nyanya yake alimpa kipande anyonye ili anyamaze. Alipona, ila tulitetemeka sote.

Kuanzia miezi 6, lioshe, limenye, toa mbegu na sehemu ngumu ya katikati, lichemshe hadi lilainike, kisha liponde. Akishatimiza mwaka, waweza kulikwaruza. Mpaka afike miaka 4, mkatie vipande vyembamba sana, ale akiwa ameketi.

Je, mtoto wa chini ya mwaka mmoja akikabwa, hakohoi wala halii? Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikielekea chini, umpige kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Rudia, huku jirani akitafuta gari. Usipapase kooni kwa kidole. Utakisukuma ndani zaidi.