Nani Amsikilize Kijana Shuleni?
Mhadhara wa umma



Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni kijijini Kashasha, mkoani Kagera kwa mipaka ya leo, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufikia katikati ya Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine kwa saa chache, wengine hadi siku 16. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa.

Kisa hiki husimuliwa sana huko nje kama kichekesho. Aliyesoma ripoti ya madaktari Rankin na Philip, iliyochapishwa mwaka 1963, hachekeshwi. Wasichana walicheka wakalia, wakahangaika. Wengine walisema kuna mtu anawakimbiza, na waliposhikwa ili watulie walipigana. Madaktari walipima, wakachunguza na chakula, wasione kitu. Walimu wa shule ile hawakupatwa hata mmoja. Na kufunga shule hakukutibu chochote. Wasichana walirudi makwao, na huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 wakapatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana. Kashasha ilifunguliwa Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni.

Wataalamu wengi wanaona pale msongo wa vijana waliobanwa, uliopata njia ya kutokea mwilini. Nami naona hivyo. Kwani leo tumepiga hatua gani? Wasichana wa bweni wakianza kuanguka na kupiga mayowe, tunasema mapepo. Anaitwa mchungaji, anaitwa shehe, wazazi wanakuja na gari kuchukua watoto wao. Sitawabeza viongozi wa dini, maana siku hiyo pengine ndio watu wazima pekee wanaokaa chini na binti wakamuuliza kwa upole anaona nini. Kinachonisumbua ni kwamba mpaka aanguke ndipo aulizwe.

Mtasema shuleni kuna mwalimu wa ushauri na unasihi. Yupo, kwa jina. Ana vipindi vyake vya Jiografia kama kawaida, ana zamu, na meza yake iko katika ofisi ya walimu, katikati ya wenzake wanaosahihisha madaftari. Binti wa kidato cha pili anaitwa pale mbele ya watu sita. Anapiga goti, anatazama sakafu. “Haya, una shida gani? Mbona umeshuka hivi?” Anajibu, “Sina shida, mwalimu.” Anaambiwa akazane na masomo. Mwalimu anaamini ametoa unasihi. Na asubuhi iliyotangulia, huyo huyo mwalimu alisimama getini na fimbo, akiwapokea waliochelewa.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema jioni hii: mtu hawezi kuchapa na kunasihi kwa mkono mmoja. Tazameni jinsi tulivyoipangia fimbo utaratibu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika daftari lake maalumu. Kwamba kanuni hizo zinavunjwa kila siku, kila aliyesoma shule zetu anajua. Lakini angalau kiboko kina daftari. Mazungumzo na mtoto aliyefiwa na mama yake yana chumba gani? Yana kipindi gani kwenye ratiba?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, hao ni kumi. Hatutapata madaktari wa akili wa kuwatosha, na wala si wote wanaowahitaji. Jirani zetu Kenya wamejaribu njia nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona na wasiwasi walikutana katika vikundi vidogo kwa wiki nne, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi tu na kupewa mafunzo mafupi. Nusu walijifunza mbinu za kusoma. Wengine walizungumza kuhusu shukrani, maadili wanayoyathamini, na uwezo wa mtu kubadilika. Hawa wa pili ndio waliopata nafuu zaidi. Programu hiyo inaitwa Shamiri. Vijana wale hawakuwa na shahada, na hawakuwa na fimbo. Mhitimu wa kidato cha sita anayesubiri chuo huku akiuza vocha angeweza kazi hiyo, na wakuu wa shule wanaoniuliza nani atafundisha vipindi vya mnasihi akiachiwa unasihi tu wangepata pa kuanzia.

Mnasihi hutunza siri ya mtoto, lakini siri hiyo ina mipaka, hilo tusifichane. Mtoto akisema anataka kujiua, mnasihi asimwache peke yake, amweleze wazi kwamba atawashirikisha wengine, aite mzazi au mlezi, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na hapa tunakutana na fimbo kubwa kuliko zote. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwalimu anaogopa polisi, mzazi anaogopa aibu na kesi, na mtoto aliyenusurika anafundishwa kunyamaza mara ya pili. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao kinakiuka katiba. Nimewaona wenzangu wa Kitivo cha Sheria wameketi mstari wa mbele. Swali langu la kwanza nalielekeza kwao: na hapa kwetu, kifungu hicho tutakiacha mpaka lini?