Somo: Mimba Inapoharibika



Wapenzi wasikilizaji wa vijiji vya kandokando ya Lubumbashi, leo tutazame msiba usiokaliwa kilio. Mtu mzima akifa, jirani wote huja. Mimba ikiharibika, mama hulia peke yake, akiogopa ndimi za watu. Huyu anena kwamba amerogwa. Yule anena kwamba ameitoa kwa kusudi.

Swali: Je, mama huyo ametenda dhambi?
Hapana. Dhambi yataka kujua na kukubali, naye hakukubali. Waganga wa hospitali wafundisha kwamba mimba nyingi ziharibikazo hutoka kabla ya miezi mitatu kutimia, na mara nyingi kasoro ilikuwamo tangu kutungwa kwake. Malaria nayo huharibu mimba. Basi tusimtafute mchawi.

Swali: Tumsaidieje?
Damu ikitoka kwa wingi, au kukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au uchafu wenye harufu mbaya, asingoje kuche, wala asinyweshwe dawa za miti. Mabaki yakikaa tumboni, mama aweza kufa kwa kutoka damu au kwa ugonjwa wa damu kuoza. Apelekwe kituo cha afya, na ikihitajiwa, hospitali kubwa, kama ile ya Jason Sendwe mjini Lubumbashi. Huko tumbo husafishwa kwa dawa au kwa chombo cha kufyonza.

Swali: Na aliyeitoa kwa kusudi?
Kanisa lafundisha kwamba kumwua mtoto tumboni ni dhambi kubwa, nasi hatupunguzi neno hilo. Lakini Msamaria hakumhoji majeruhi kabla ya kumfunga vidonda. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Anayemficha mgonjwa kwa aibu hata afe, ameongeza kifo juu ya kifo. Apone kwanza. Kisha aende kwa padri, kwa maana tarehe 20 Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo.

Swali: Na mtoto?
Akitoka hai, hata akiwa mdogo sana, abatizwe mara moja. Kila mtu aweza kumbatiza wakati wa hatari. Akiisha kufa, twamkabidhi kwa huruma ya Mungu, kwa matumaini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yampa askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya Kikristu kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe. Mwulizeni padri wenu.

Nanyi waume, sikieni. Jamaa ilipozaliwa hapa Katanga katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels aliwafundisha mume na mke kwamba uzima, uzazi na mapendo havitengani. Uzazi si wa mwili tu: mume na mke huzaana kwa mapendo. Basi mume asimrudishe mkewe kwao kwa sababu ya mimba iliyopotea. Akae naye, amwombolezee mtoto pamoja naye.

Kazi ya juma hili: kila jumuiya ichague nani atatoa baiskeli usiku, nani atafuatana na mgonjwa, na ianze kuweka akiba ya kumlipia matibabu. Damu haingoji mkutano.

Mama Maria, uliyesimama chini ya msalaba wa Mwanao, uwaombee mama wote waliopoteza watoto. Amina.