Nani Anaamua Dereva Akaeje?

Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi wetu, nanyi madereva wa bodaboda, maafisa usafirishaji wetu, mliokubali kuacha vijiwe vyenu saa hii yenye abiria wengi: karibuni. Wenzangu waliotangulia kwenye mimbari hii walianza na historia ya taaluma zao. Mniwie radhi, mimi naanza na makalio.

Aliyepanda pikipiki ameshikamana nayo mahali patatu: kitini, kwenye usukani na kwenye vikanyagio. Unganisha nukta hizo upate pembetatu, na pembetatu hiyo ndiyo itakayoamua mgongo utalala vipi usiku. Pikipiki za mashindano zina usukani wa chini na vikanyagio vya nyuma, hivyo mwendeshaji huinamia tanki. Akiwa kwenye mwendo wa kasi, upepo humwinua kifua na viganja vikapumzika. Mlete Kariakoo kwenye foleni: upepo haupo, na kiwiliwili kizima kinaegemea vifundo vya mikono. Baadhi ya Harley-Davidson zina shida ya kinyume. Miguu imenyooshwa mbele, haibebi kitu, na kila shimo linagonga kifandugu. Boxer au TVS ya kijiweni ipo katikati, yaani mgongo wima, viwiko vimekunjwa kidogo, miguu chini ya nyonga. Kwa kazi ya kutwa mjini, sijaona mkao wa kuuzidi huo.

Wajapani walilitambua jambo hili mapema. Honda walipotoa Super Cub mwaka 1958, hawakuiwekea mkono wa klachi, ili hata mpeleka tambi aiendeshe kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba chakula cha mteja. Hadi 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Pale walianza kumtazama mtu kazini kwake, chuma kikafuata.

Sasa tuje kwenye udhibiti. Dereva wa gari ni mzigo mdogo ndani ya gari lake. Dereva wa kilo 70 juu ya pikipiki ya kilo 120 ni zaidi ya theluthi ya uzito wote unaotembea, kwa hiyo akijisogeza sentimita chache, chombo kinajua. Tena, ukishaacha mwendo wa kutambaa, pikipiki haigeuzwi kama baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Unayetaka kwenda kulia unasukuma mkono wa kulia mbele kidogo. Gurudumu linaelekea kushoto kwa kitambo kifupi, pikipiki inalalia kulia, ndipo inapinda. Madereva mnalifanya hilo kila siku bila kulitaja. Lakini linahitaji viwiko vilivyo huru.

Na hapo ndipo mshikaki, yaani kupakia abiria wawili, unapoharibu mambo. Polisi huhesabu vichwa. Mimi nahesabu viwiko. Abiria wa pili akipanda, dereva anasukumwa hadi kwenye tanki, magoti yanatanuka, viwiko vinabanwa mbavuni. Aliye mwisho amekalia karia, nyuma ya ekseli, na uzito wake unalinyanyua gurudumu la mbele kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao. Gurudumu hilo ndilo linaloongoza, na ndilo lenye sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Kiwanda kilichora pembetatu yake vizuri. Abiria wawili wameichora upya kwa sekunde tano, na nauli imeshapatanwa.

Hata abiria mmoja anatosha kuibadilisha. Mama aliyevaa kanga hukaa upande, na kwa heshima hamkumbati dereva kiunoni, anashika karia. Miguu yote miwili imening'inia kushoto, basi dereva anaegemea kulia kidogo safari nzima ili chombo kisiyumbe. Jioni analalamika upande mmoja wa kiuno, anadhani ni baridi.

Kwenye kona hali ni nzito zaidi. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Watu na chombo, vikichukuliwa pamoja, lazima vilale nyuzi 27 hivi. Abiria akiogopa akajivutia upande wa pili, nyuzi hizo hazipungui. Pikipiki yenyewe inalazimika kulala zaidi ili kufidia woga wake. Kwenye kona za mlima Kitonga, neno "tulia" analoambiwa abiria ni fizikia tupu.

Kuna imani moja ningependa kuisahihisha. Husemwa kwamba kusimama juu ya vikanyagio kwenye barabara ya vumbi kunashusha kitovu cha uzito. Hakishuki, kinapanda! Kinachosaidia ni magoti: yanakuwa shokapu, pikipiki inarukaruka chini yako bila kuubeba mwili wako kila inaporuka.

Limebaki la ganzi ya vidole viwili vya mwisho, ambayo wengi mmenieleza. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita chini ya kiganja, mahali panapokandamizwa na usukani unaotetemeka. Mara nyingi mkono wa breki na wa klachi umewekwa juu mno, kifundo kinakunjwa kila unapovuta. Vidole vikinyooshwa juu yake, vinapaswa kufuata mstari wa mkono toka kiwikoni. Kulegeza nati na kuuzungusha ni kazi ya dakika tano. Nje ya ukumbi mwanafunzi wangu ameshika spana. Njooni na pikipiki zenu, mzikalie kama mnavyokaa siku zote, ndipo afungue.