Nyundo, Konda na Jiwe la Mirihi

Msikilizaji, mwaka 1600 tabibu mmoja wa Uingereza, William Gilbert, alichapisha kitabu kuhusu sumaku. Ndani yake mna mchoro wa mhunzi kwenye fuawe. Chuma cha moto kimelazwa kuelekea kaskazini na kusini, naye anakigonga kwa nyundo. Kikishapoa, kimegeuka sumaku dhaifu. Aliyekipa usumaku huo ni dunia yenyewe. Moto na nyundo viliisaidia tu.

Lakini ukiichukua ile sumaku ya chuma ya maabara ya shule na kuiangusha sakafuni mara kadhaa, nguvu zake hupungua. Kumbe pigo hutia usumaku, na pigo huutoa! Inakuwaje?

Fikiria daladala iliyoshona. Abiria wamebanana, hakuna awezaye hata kugeuza shingo. Gari linaingia kwenye shimo, watu wanarushwa, na kwa nukta moja kila mmoja amelegea. Konda akipaza sauti wakati huohuo, "Sogeeni nyuma!", wote wanaelekea nyuma. Asipokuwepo konda, kila mtu anaangukia anakoangukia. Ndani ya jiwe, abiria ni sehemu ndogondogo za usumaku zilizomo katika madini kama magnetaiti. Shimo la barabarani ni mshtuko. Konda ni uga wa sumaku wa sayari.

Sasa weka kimondo mahali pa nyundo. Kinapotua kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, wimbi la mshtuko hupita mwambani likiubana kupita kiasi. Chini kabisa ya bahari, mgandamizo ni kama mara 1,100 ya ule wa hewa tunayoivuta. Pirotaiti, madini ya chuma na salfa, huacha kabisa kuwa sumaku yakibanwa karibu mara 28,000 ya mgandamizo huo wa hewa. Wala si lazima jiwe liyeyuke. Kubanwa peke yake kunatosha.

Ndiyo maana wanasayansi wanaikodolea macho Mirihi. Chombo Mars Global Surveyor, kilichofika huko mwaka 1997, kiligundua kwamba miamba ya kale ya kusini mwa sayari hiyo bado ina usumaku mkali, ingawa sayari yenyewe haina tena uga wake. Ila ukifika kwenye bonde la Hellas, ambalo upana wake ni karibu safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, kimya. Wapo wanaosema kishindo kilichochimba bonde hilo kilifuta kila kitu. Wengine wanasema kishindo kilipotokea, konda alikuwa ameshashuka. Ubishi huo haujaisha, na mimi naupenda hivyohivyo.

Ushahidi wa kuumaliza umo katika mawe ya Mirihi yaliyoangukia kwetu. Na hapa nina lalamiko. Mtu akiokota jiwe jeusi jangwani, jambo la kwanza analofanya ni kulibandika sumaku aone kama litanasa. Mimi naona huko ni sawa na kufuta kanda ya kaseti ili kujua kama ina wimbo. Sumaku ya mkononi ina nguvu kuliko uga wa dunia mara maelfu. Inawageuza abiria wote bila hata kulitikisa gari.

Lipo jiwe liitwalo Black Beauty, lililotoka Sahara kupitia wafanyabiashara wa Moroko. Baadhi ya chembe zake zina umri wa takriban miaka bilioni 4.4. Lilirushwa na kishindo kutoka Mirihi, likasafiri angani, likapenya hewa yetu likiwaka kwa nje. Watafiti walipopima vipande vyake, matokeo yao yakatoka mwaka 2023: usumaku waliouona ulikuwa wa sumaku ya mkononi, ya mtu aliyetaka tu kujua kama ni kimondo.