Duka Lililo Ndani ya Simu

(Mada iliyotolewa katika semina ya vikundi vya uzalishaji mali vya akina mama na vijana)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya namna ya kufungua duka dogo kwa njia ya WhatsApp. Wengi wenu mmeizoea programu hiyo kuliko mimi, maana kila siku mnapashana kwayo habari za misiba, harusi na michango. Kwa hiyo sitatumia muda mrefu kueleza kitufe gani kibonyezwe. Linalonisumbua ni jambo jingine, nami naomba nilieleze kwanza kwa kisa kilichotupata sisi wenyewe.

Kikundi chetu hutengeneza batiki. Kwa miaka mingi tuliuza chini ya mwembe kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mnunuzi alikuja, akakikunjua kitambaa, akakishika, akakitazama juani, tena akakisugua kwa kidole kilicholowa ili aone kama rangi inatoka. Ndipo alipoanza kuomba apunguziwe bei. Mwaka 2022 binti mmoja wa kikundi alitufungulia duka katika simu. Picha za kwanza tulizoweka hazikuwa za kazi yetu. Tuliziokota mtandaoni kwa sababu zilipendeza, na kwa sababu tuliambiana kwamba kazi ni ile ile. Mama mmoja wa Dar es Salaam aliagiza vipande 12 vya rangi ya zambarau kwa ajili ya sare za harusi ya mwanawe, akalipa fedha zote kabla. Tulipotia rangi, vitambaa vilitoka na wekundu wa udongo. Siku zilikuwa zimekwisha. Tukafunga mzigo, tukaukabidhi kwa basi, tukitumaini kwamba hataona tofauti.

Aliona. Wala hakututukana. Alituma picha mbili, moja ile ya dukani kwetu na nyingine ya kitambaa kikiwa juu ya kitanda chake, na chini yake akaandika neno moja tu: “Kweli?” Mimi ndiye niliyekuwa mtunza hesabu. Nilijua kwamba fedha zake tulikwisha kuzinunulia vitambaa vya agizo jingine, nikakaa siku tatu bila kumjibu. Tulimrudishia kidogo kidogo kwa muda wa miezi minne. Harusi ilipita, na ndugu zake walivaa kila mtu nguo yake. Wenzetu wawili walijitoa kikundini kwa sababu ya ugomvi juu ya nani alipe.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba duka la simu halifanani na lile la chini ya mwembe. Pale mwembeni mnunuzi anayo macho yake, mikono yake na pua yake. Katika simu ametukabidhi vyote hivyo, na fedha yake juu. Sisi ambao wengi wetu ni watoto wa wakulima twajua uchungu wa lumbesa, yaani mtu kukupimia mazao yako kwa kipimo alichokichagua yeye. Basi picha ya uongo ni lumbesa ya upande wa pili, na safari hii anayeshika kipimo ni sisi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Mbali na ile WhatsApp ya kawaida, iko nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, iitwayo WhatsApp Business. Ilianza kutolewa mwaka 2018, nayo haina malipo ila bando lako. Namba moja ya simu haiwezi kutumika katika programu zote mbili kwa wakati mmoja; kwa hiyo kikundi kitafute laini yake, kisichanganye maagizo ya wateja na salamu za mashangazi. Hapa pana jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii. Aghalabu laini husajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole za mtu mmoja. Siku mtu huyo akihama au akikosana na wenzake, huondoka na duka, wateja, na pengine salio. Nimeona kikundi cha watu kumi kikibaki na cherehani bila hata mnunuzi mmoja. Kwa hiyo andikeni katika muhtasari wa mkutano kwamba laini ile ni mali ya kikundi, nani anaishika, na ataikabidhi vipi. Na watu wote walioko mkutanoni watie saini.

Ndani ya programu hiyo mna mahali pa kuandika jina la duka, mahali lilipo na saa za kazi. Jazeni kwa ukweli. Mna pia katalogi, iliyoongezwa mwaka 2019, ambayo huchukua bidhaa hadi 500. Msizivizie hizo 500. Anzeni na vitu vinane ambavyo mnavyo kweli, mkononi, siku ya leo. Kila kimoja kina nafasi ya picha, jina, bei, maelezo, na namba ya utambulisho. Namba hiyo iandikeni pia kwenye kikaratasi kilichobanwa katika kitambaa chenyewe, ili kisichanganywe na kingine wakati wa kufunga mzigo. Kitu kikiisha, kificheni siku ile ile.

Kuhusu picha, nitasema kwa urefu kidogo, maana ndipo tulipoangukia. Pigeni wenyewe, kitu kile kile kinachouzwa. Jua la saa sita hufifisha rangi, na taa ya ndani huitia umanjano. Mahali pazuri ni kivulini penye mwanga, au kando ya dirisha wakati wa asubuhi. Msitumie mapambo ya simu yanayokoleza rangi. Wekeni futi ya fundi cherehani kando ya kitambaa ili urefu uonekane. Kama kuna doa la nta au mahali rangi ilipokosa kushika, pigeni picha ya pili ya mahali hapo, mkaandike. Wenzangu walinicheka nilipopendekeza hilo, wakasema nitafukuza wateja. Ni kweli baadhi waliondoka. Waliobaki hawajarudisha mzigo. Tena sisi wa batiki twapaswa kusema wazi kwamba kila mkupuo wa rangi hutoka na sura yake: anayetaka vipande 12 vinavyofanana aambiwe vitatiwa rangi kwa pamoja, atumiwe picha ya kipande cha kwanza, na akubali ndipo kazi iendelee. Kwa wale wa asali, unga na mafuta ya kujipaka, picha nzuri haitoshi. Yako masharti ya TBS, na ofisi ya SIDO ya mkoa huwaelekeza wajasiriamali wadogo namna ya kuyatimiza.

Liko pia suala la bei. Siku hizi imekuwa desturi kubandika picha na kuandika chini yake: “Bei njoo inboksi.” Naelewa sababu zake, wengine huogopa majirani wanaouza kitu kile kile. Lakini tuseme kweli: mara nyingi bei hufichwa ili muuzaji kwanza aitazame picha ya mnunuzi, asikie lafudhi yake, ajue anakaa mtaa gani, kisha amtajie bei inayolingana na sura yake. Mjane na mtumishi wa benki wananunua kitambaa kimoja kwa bei mbili, na si mara zote mjane anayepata nafuu. Andikeni bei. Atakayeomba apunguziwe, mzungumze naye kama mlivyozoea.

Na bei hiyo muihesabu hadi mwisho. Tuchukue mfano tu: kitambaa shilingi 12,000, rangi na nta 5,000, kuni na maji 1,000, jumla 18,000. Tunauza kwa 22,000, tunafurahi kwamba tumepata 4,000. Lakini bando, bodaboda ya kupeleka mzigo stendi na makato ya kutoa fedha vimechukua 2,500. Zimebaki 1,500, na akina mama wawili wamefanya kazi kutwa nzima na nusu ya siku ya pili. Katika hesabu zetu tunaandika kuni, lakini hatuandiki mikono. Nimewasikia akina mama wakisema, “Si nipo tu nyumbani?” Mama yangu, hukuwa nyumbani tu, ulikuwa kazini, na mnunuzi mwenye haki hatakataa kulipia kazi hiyo akielezwa. Makubaliano ya nauli ya mzigo pia yaandikwe kabla, si mnunuzi afike Mbezi kuchukua kifurushi ndipo aambiwe kuna malipo mengine.

Fedha inayotangulia ndiyo kiini cha mambo yote haya. Maoni yangu ni kwamba kwa kitu kilichokwisha kutengenezwa, mteja wa mjini hapa hapa alipe akishakiona. Kwa agizo maalum si haki kikundi kibebe hasara yote, basi achukuliwe nusu, isiyozidi gharama za vifaa. Nusu hiyo iandikwe katika safu yake pekee daftarini, wala isiguswe kwa agizo la mtu mwingine. Mpaka mzigo ufike, fedha ile ni amana. Ipokeeni kwa Lipa Namba yenye jina la duka kila inapowezekana, ili mlipaji aone jina lile lile kabla hajathibitisha. Mteja anayeuliza kwa nini jina la namba ni la mtu mwingine hakuwatukaneni. Mjibuni kwa upole. Na risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono na kupigwa picha, ni haki yake.

Nisije nikaeleweka kana kwamba anayedhulumu siku zote ni muuzaji. Wako wanaotuma ujumbe wa kughushi unaofanana kabisa na ule wa kampuni ya simu, kwamba fedha imeingia. Angalieni salio, ndipo mzigo utoke. Wako watakaojifanya wateja, kisha waseme, “Nimetuma namba sita kwenye simu yako kwa makosa, nisomee.” Namba hizo sita ndizo ufunguo wa duka lenu, ukizisoma, baada ya dakika chache mwingine atakuwa anauza kwa jina lako na kuwaomba wateja wako fedha. Katika mipangilio kuna ulinzi wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada. Iwekeni leo. Namba za matapeli zitumeni 15040. Wala msifute mazungumzo ya biashara, na kile kipengele cha ujumbe unaotoweka kizimwe: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia hii, na mazungumzo hayo ndiyo ushahidi wa pande zote mbili.

Jambo jingine hufanywa bila nia mbaya. Muuzaji hukusanya namba za wateja wote, akawaingiza katika kundi moja bila kuwauliza. Papo hapo kila mmoja anaiona namba ya kila mwingine. Binti aliyenunua kanga kwako jana, leo usiku anapigiwa na mwanamume asiyemjua. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria tungepaswa kuona aibu. Tumieni orodha ya utangazaji, ambayo humfikia kila mtu peke yake. Orodha moja hubeba watu hadi 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yenu. Kwa hiyo mwombeni kwanza, naye akipenda aihifadhi.

Mwisho, daftari. Vijana huniambia kwamba kila kitu kimo katika simu. Mnamo tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa hitilafu ya wenyewe wenye mitambo. Na kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa hapa nchini kwa siku kadhaa. Kikundi chetu kilikuwa na maagizo matano yaliyolipiwa nusu. Kwa kuwa majina, namba za simu, rangi na kiasi kilicholipwa viliandikwa kwa kalamu, tuliweza kuwapigia watu wote watano kwa simu ya kawaida na kuwaambia kwamba kazi yao iko, itachelewa. Mmoja wao alikuwa yule mama wa Dar es Salaam. Alirudi mwaka 2024 kwa kipande kimoja tu, na kabla ya kulipa aliomba picha ya kitambaa kikiwa karibu na gazeti la siku hiyo. Tukampigia.

Maswali tutayapokea baada ya chai. Kwa sasa naona mwanga wa dirisha lile la mashariki bado ni mzuri, na wengi mmekuja na kazi zenu mikobani. Wenye simu na wasogee na vitambaa vyao pale, tuanze na vile vyenye kasoro.